Mzee, Unanisikia?

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imefika saa nne asubuhi, nikiwa kazini, na bati letu limepiga kelele kunishinda. Nilikuwa na mtoto mmoja ninayemwita Kasuku, kwa sababu anasema kutwa na hakuna anayemwelewa ila mama yake. Tunahangaika naye aache kusema "tata" badala ya "kaka". Leo naona mdomo wake unakwenda kwenye kioo cha kompyuta, sauti yake siisikii, yangu haimfikii. Nikaandika neno kwenye karatasi kwa herufi kubwa, nikalishika mbele ya kamera. Kasuku hajui kusoma. Mama yake alinitazama kwa huruma mpaka nikaona aibu.

Ndiyo kazi yangu. Watu waliopotewa na usemi, na watoto ambao usemi haujawafikia, nawapigia simu ya video na kuwafundisha kusema nikiwa ndani ya stoo yetu, katikati ya friji mbovu za mume wangu. Yeye ni fundi wa friji. Stoo ndiyo chumba pekee chenye mlango unaofungika na mtandao unaofika. Majirani walipoanza kusikia "aaa, ooo, mmm" ukutani, walimuuliza kama mkewe anaumwa.

Jioni akiniuliza habari za kazi namjibu "mh." Anasema nimewagawia wagonjwa maneno yote, yeye namletea makombo. Kweli. Ndiyo maana naandika humu. Kuandika hakuchoshi koo.

Msimu wa mvua siupendi. Nimechoka na haujaanza.

Jumanne, 4 Machi

Mgonjwa mpya. Mzee wa miaka sitini na kitu, alipigwa na kiharusi mwaka jana, mkono na mguu wa kulia vimelegea. Alikuwa mnadi wa mitumba sokoni, mtu wa kusimama juu ya meza na kengele mkononi. Mkewe anasema sauti yake ilikuwa inafika mpaka stendi. Sasa amebaki na neno moja.

"Habari za leo, mzee?"

"Pumbavu," akanijibu, kwa upole kabisa.

Aina hii naijua. Sehemu ya ubongo inayochagua maneno ikijeruhiwa, maneno hufungiwa ndani, na yale ya mazoea, kama matusi na kuhesabu na nyimbo, huponyoka yenyewe. Mtu anataka kusema "nzuri", linatoka lililo karibu na mlango. Kwa Mnadi lililo karibu ni hilo.

Mkewe sikumwona. Aliegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, akakaa nyuma yake. Naona mkono tu, unakuja kumfuta mume mate, unaondoka. Nikamweleza yale ninayowaeleza wote siku ya kwanza: kwamba mzee anaelewa kila kitu, kwamba akili yake iko palepale, kilichokwama ni njia ya kutokea maneno, na kwamba azungumze naye kama zamani. Hotuba hiyo naijua kwa moyo, naweza kuitoa nikiwa nimelala. Mtandao ulikuwa unasuasua.

"Tuko pamoja, mama?" nikauliza mwishoni.

"Tuko pamoja, mwalimu."

Ananiita mwalimu. Wengine huniita daktari wa ulimi. Mwalimu ni afadhali.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Kasuku alisinzia katikati ya somo. Nilimwonea wivu.

Jumanne, 11 Machi

Mnadi tena. Tulifanya midomo: kuibinua, kuijaza hewa, kutoa "m" bila kukimbilia "pumbavu". Anafuata vizuri. Ana macho makali, ya mtu aliyezoea kumwona mnunuzi kabla mnunuzi hajajijua kuwa ananunua.

Lakini mke! Alikuwa nyuma ya simu akiongea na dada yake kwa simu nyingine, bila hata kushusha sauti. "Huyu ni kiti tu sasa, dada. Nalisha kiti, naogesha kiti. Mvua zikikatika barabara ikapitika, nampeleka kwa mdogo wake huko, nami nije kwako." Mume amekaa palepale, mbele yake, anasikia kila neno. Nilimwona akiangalia meza.

Nilitaka kusema kitu. Nikamezea. Nimeajiriwa kutibu usemi, sikuajiriwa kutibu ndoa. Lakini moyoni nilisema, mwanamke huyu ana roho ya jiwe.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme hakuna tangu asubuhi. Msimamizi wangu amenitumia ujumbe kuniongezea wagonjwa wawili. Simu yangu ilizima kabla sijamjibu, nikafurahi.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilimhesabisha. Nikaanza, "Moja, mbili," naye akadaka: tatu, nne, tano, safi kabisa, mpaka kumi. Halafu, bila kuombwa, akainua kidevu na sauti ikatoka nzima: "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu, imekwenda!" Spika za masikioni zilitaka kunipasua. Akashtuka mwenyewe. Machozi yalimlengalenga.

Nilipiga makofi peke yangu kwenye stoo kama mwendawazimu.

"Unaona?" mke akasema kutoka huko aliko. "Ni redio. Imebaki inapiga yenyewe."

Kuna watu ukiwawashia taa watalalamika inawaumiza macho.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua usiku kucha, mvua mchana kutwa. Nguo hazikauki. Stoo inanuka unyevu na gesi ya friji. Nimewaambia watu saba "unanisikia?" na watu saba wameniambia "unakatika."

Jumanne, 25 Machi

Hawakupatikana. Mtandao wa upande wao umelala.

Jumamosi, 29 Machi

Mume wangu amenipikia, akanitengea, akanikalisha. Akasema, "Leo hutaki kusema, usiseme. Kula tu." Nikala. Nikaona nimwambie ahsante, nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 1 Aprili

Leo nimekasirika na hasira haijaisha mpaka sasa.

Mnadi alikuwa amechoka, mazoezi hayaendi. Kila akijaribu "maji" linatoka lilelile. Mara ya tano au ya sita akapiga meza kwa mkono wa kushoto, mkebe wa sukari ukayumba, picha ikanionyesha sakafu. Mke akaokota simu. Kwa mara ya kwanza nikaona kipande cha uso wake: paji na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Mwalimu, tusijichoshe," akasema. Si kwa ukali, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa. "Kuna siku namwomba Mungu amchukue tu. Apumzike, nami nipumzike."

Simu ilikuwa imerudi mahali pake. Nilimwona Mnadi. Alifumba macho, akayafumbua, akanitazama mimi, siyo mkewe. "Pumbavu," akasema, polepole, bila nguvu.

Nikasema muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha.

Jioni nilimsimulia mume wangu yote, nikitembea toka jikoni mpaka mlangoni. Mtu anamwombea mumewe kifo, na mumewe amekaa pale, anaelewa kila neno, hana hata uwezo wa kusema nyamaza! Miaka thelathini ya ndoa! Ulimi hauna mfupa, lakini hata hivyo! Mume wangu aliacha kula akanisikiliza. Nilipomaliza akasema, "Pole. Lakini nimefurahi kukusikia." Nikacheka kwa kulazimishwa.

Jumatatu, 7 Aprili

Kasuku amesema "kaka". Kaka yake mwenyewe hakuwepo kumsikia. Kesho ni zamu ya Mnadi na nimepanga jambo.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka niandike hili jinsi lilivyokuwa, nisijipendelee.

Niliamka nikiwa na nia ya kumwonyesha yule mwanamke. Sikutaka kubishana naye. Nilitaka aone kwa macho yake mtu anayemwita kiti, aone haya. Kwa hiyo nilimwomba aweke vitu mezani: kijiko, kikombe, ufunguo na kitambaa. Akaviweka kimoja kimoja. Mvua ilikuwa imepumzika, sauti ilikuwa safi kuliko siku zote.

"Mzee, gusa kile cha kufungulia mlango."

Mkono wa kushoto ukaenda kwenye ufunguo.

"Gusa cha kufutia uso."

Kitambaa.

Nikapandisha. "Sasa mzee, tia kijiko ndani ya kikombe, halafu funika kikombe kwa kitambaa." Akafanya, taratibu, bila kukosea. Nikasema, kwa sauti ya kusikika vizuri nyuma ya ule mkebe, "Umeona, mama? Anaelewa. Neno kwa neno. Tena tufanye la mwisho. Mzee, chukua ufunguo, mpe mkeo."

Akauchukua. Akaunyoosha kwenda kule nisikokuona. Nikangoja ule mkono niliouzoea utokee kuupokea.

Haukutokea.

"Mama?" nikasema. "Mama, pokea."

Mnadi alibaki vilevile, mkono hewani. Kisha nikasikia kiti kikisukumwa, kitu kikaanguka, na simu ikalala chali. Nikaona dari. Nikasikia "pumbavu, pumbavu, pumbavu," haraka haraka, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake asiende. Baadaye simu ikakatika.

Nilijipongeza kwa muda mfupi. Nilidhani haya imempata. Lakini ile sauti ya mzee bado inanisumbua.

Jumatano, 9 Aprili

Mke wa Mnadi amenipigia jioni hii, sauti tu, bila picha. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi nikichambua maharage. Nilipoona namba yake nilijiandaa kwa ugomvi.

"Mwanangu," akasema. Siyo mwalimu. "Nikuulize jambo. Anaelewa?"

"Mama, umeona mwenyewe jana."

"Si jana. Anaelewa siku zote? Tangu alipotoka hospitali?"

"Tangu mwanzo. Nilikwambia siku ile ya kwanza. Nikakuuliza tuko pamoja, ukaniambia tuko pamoja."

Mvua ilikuwa inaanza kudondoka kwenye bati, moja moja.

"Siku ya kwanza uliganda," akasema. "Ulisema 'mama, jambo muhimu,' ukaganda umefungua mdomo hivi. Nikangoja. Nikajua utarudi. Uliporudi ukauliza tuko pamoja. Mtu msomi anakuuliza tuko pamoja, utamjibu hatuko pamoja? Nikasema tuko pamoja."

Nikaokota jiwe, nikalirudisha kwenye maharage. Mimi, mwenye maneno ya kugawa.

"Hospitali waliniambia ubongo umeharibika," akaendelea. "Ubongo si ndio akili? Nikamleta nyumbani, namwambia pole mume wangu, ananiita pumbavu. Namlisha, pumbavu. Namwamkia, pumbavu. Nikajua mtu amekwenda, matusi ndiyo yamebaki. Ukishajua hivyo unafanyaje? Nikawa nasema mbele yake kama ninavyosema mbele ya kabati. Nimemvua nguo wageni wakiwapo, mwanangu, sikufunga hata mlango. Nimekubaliana bei ya meza yake ya mnada na mnunuzi, yeye amekaa katikati yetu. Na yale mengine. Wewe umeyasikia. Na uliyoyasikia wewe ni machache."

Nikamwambia hakujua. Nikamwambia kosa ni langu, ningemuuliza siku ile nimesema nini, nisiulize tu tuko pamoja. Nikamwambia anaweza kuzungumza naye sasa.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Mimi kumtazama siwezi. Leo nimempa chakula nikiangalia ukuta."

Akakata.

Na mimi, wakati wote ule, nilikuwa nimeamini kwamba anajua na anasema makusudi. Sikumuuliza hata siku moja. Nilipata muda wa kumchukia, wa kumuuliza sikupata. Maharage nimeyachanganya na mawe, nimeyaacha hapo.

Jumanne, 15 Aprili

Nimepiga mara nne. Haipokelewi.

Jumatano, 16 Aprili

Haipokelewi. Mvua kubwa kuliko zote. Maji yameingia stoo, mume wangu ameinua friji juu ya matofali usiku wa manane, na mimi nimeinua kompyuta. Tulikuwa tumelowa wote wawili. Nilimwambia habari za mke wa Mnadi na ile siku niliyoganda, na mimi ndiye niliyekuwa naeleza tangu tulipoanza mpaka tulipomaliza kukausha sakafu. Akaniambia, "Mimi ningekuwa yule mzee ningekuwa nimeshapasuka."

Jumapili, 20 Aprili

Nimelala. Ndiyo habari yote.

Jumanne, 22 Aprili

Wamepokea! Mnadi amenyolewa vizuri, shati lina pasi. Mkono wa mke unakuja na kuondoka kama zamani, lakini sauti haipo. Hasemi chochote. Simu ya dada yake haisikiki, kumwagiza mume asogee hamwagizi, anamgusa bega tu. Zamani alikuwa anasema mno kwa kudhani hasikiki; sasa anajua anasikika, amefunga mdomo kabisa. Nimekaa na watu wawili wasiosema, mmoja hawezi na mwingine anaogopa. Nilitoka pale nimechoka kuliko siku niliyofanya wagonjwa tisa.

Baadaye alinipigia kutoka barazani, kwa kunong'ona. Hampeleki tena mzee kwa mdogo wake. Atamlipia kijana wa kumhudumia, yeye atakwenda kwa dada yake. "Zamani nilitaka kuondoka kwa kuchoka," akasema. "Sasa naondoka kwa aibu. Kuchoka unaweza kulala ukaamka. Aibu inakungoja kitandani."

"Mama, mpe nafasi akujibu kwanza."

"Atanijibu nini? Ana neno moja, nalo nalijua."

"Nipe Jumanne ijayo."

Akavuta pumzi. "Mvua haijakatika bado," akasema. Nililichukua hilo kuwa ndiyo.

Ijumaa, 25 Aprili

Manyunyu tu. Nimeona jua dakika chache, nikalichukia. Sijawahi kuiombea mvua isiache, na sasa naiombea.

Jumanne, 29 Aprili

Nilimwomba mke asogeze simu mbali kidogo ili nione meza yote, na yeye akae upande wa kushoto wa mzee, kwenye mkono unaofanya kazi. Nikaona ubavu wake, bega, nusu ya shavu. Hajageuza uso.

Nikasema, "Mzee, tuache mdomo upumzike. Tutasema kwa kidole gumba. Juu ni ndiyo. Chini ni hapana. Mdomo ukitaka kutukana uache utukane, mimi nitafuata kidole."

Nikamjaribu. Wewe ni mwanamke? Gumba chini, na akatikisa mabega kwa kicheko. Wewe ulikuwa daktari? Chini. Mnadi? Juu, juu kabisa, na "Pumbavu!" ikatoka hapohapo pamoja nalo.

"Sasa mama, muulize wewe."

"Nimuulize nini?"

"Chochote. Cha kawaida."

Akaiuliza meza, "Unataka chai?"

Gumba juu. "Pumbavu."

"Ya maziwa?"

Chini. "Pumbavu."

Hapo akageuka. Nilimwona akilitazama lile gumba, kisha mdomo, kisha gumba tena. "Kwa hiyo hilo pumbavu si langu," akasema.

"Si la mtu yeyote, mama. Ndilo pekee linalojua njia ya kutoka."

Akaenda kuleta chai, ya rangi. Lakini mlangoni, nyuma yao, niliona begi kubwa limesimamishwa, limefungwa zipu.

Alhamisi, 1 Mei

Wingu limepanda juu na kutawanyika. Majirani wameanika magodoro. Kila mtu anafurahi.

Jumanne, 6 Mei

Jua. Barabara ya kwao inapitika. Alinitumia ujumbe asubuhi kuniambia, na kuniambia kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho kushika simu, wiki ijayo atashika yule kijana.

Nilipopiga, simu haikuwa kwenye mkebe. Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye kitu fulani, na wao wawili wamekaa bega kwa bega mbele yake, kama waliokwenda kupiga picha ya ukumbusho. Kwa mara ya kwanza nikamwona mzima: mwanamke mdogo, mwembamba, mwenye uchovu wa mtu aliyebeba mtu mkubwa kuliko yeye kwa miezi mingi. Na mimi nilikuwa nimemjua kwa mkono.

"Mwalimu, leo nina maswali yangu," akasema. "Ya kwako utauliza wiki ijayo."

"Haya, mama."

Akamgeukia mumewe. Sauti ilikuwa inamtoka kwa shida, utadhani mgonjwa ni yeye. "Yale niliyokuwa namwambia dada kwenye simu. Ulikuwa unasikia?"

Gumba juu.

"Ya meza yako?"

Juu.

"Na lile." Akaifuta meza kwa kiganja. "Lile la kumwomba Mungu akuchukue."

Gumba lilikaa juu ya meza kwa muda. Kisha likapanda.

Akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akijiambia mwenyewe, naam, naam. "Sijitetei," akasema. "Nilidhani nasema na ukuta. Lakini nilisema, na mdomo ni wangu. Kabla sijaondoka nataka nijue moja. Umenisamehe?"

Naapa nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu, najiandaa kwa lile gumba kupanda.

Likageuka chini.

Hakutikisika. Hakusema pumbavu. Alimtazama mkewe machoni na akalielekeza gumba chini, akalishikilia hapo.

Nikajikuta nasema, "Mama, pengine swali lilikuwa refu, wakati mwingine wagonjwa wa namna hii huchanganya..."

"Nyamaza, mwanangu," akasema, bila kunitazama. "Amejibu."

Akavua miwani yake yenye uzi na akalia. Hakuficha uso. Alilia kama mtu aliyekaa nje ya nyumba yake siku nyingi na leo mlango umefunguliwa, hata kama aliyeufungua amenuna. Mnadi alimwangalia tu. Na katikati ya kilio nikasikia kitu kingine kinaingia, nikadhani amepaliwa, kumbe anacheka.

"Huyo ndiye mume wangu," akasema. "Huyo hajui kusamehe siku ileile! Nilimuunguzia shati siku ya harusi ya mdogo wake, akaninunia mpaka mwezi ukaandama. Angesema ndiyo, mwalimu, ningejua humo ndani hamna mtu. Ningechukua begi langu nikaenda."

"Na safari, mama?"

"Safari gani? Niondoke nimwachie ushindi? Nakaa hapahapa, aninunie vizuri."

"Pumbavu," akasema Mnadi.

"Na wewe," mkewe akamjibu, akainuka kwenda kulitoa begi mlangoni. Nilisikia zipu.

Nilizima kompyuta nikakaa katikati ya zile friji. Nilikuwa na mgonjwa baada ya hapo, nikachelewa kumpigia. Nililia kidogo, na sikujua namlilia nani.

Jumamosi, 10 Mei

Tumetoka matembezi mimi na mume wangu. Hatukwenda mbali, tumefika darajani tukarudi. Nilisema njia nzima. Alisema nimpumzishe kidogo.

Jumanne, 13 Mei

Joto. Bati linalia lenyewe kwa jua.

Walikuwa wote wawili kwenye picha tangu nilipopiga. Mke akanieleza mambo ya wiki: mzee ameanza kuchagua shati mwenyewe kwa gumba, amekataa mawili, na mnunuzi wa meza ya mnada amerudishiwa pesa zake kwa sababu mwenye meza alipoulizwa alisema hapana. Na kila asubuhi baada ya chai, yeye humuuliza lile swali.

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Chini, chini, chini. Nikishajibiwa tunaendelea na siku yetu. Lakini leo amefanya kitu sikielewi, mwalimu. Nataka ukione uniambie maana yake."

Akamgeukia. Sauti haikumkwama safari hii. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama chumvi imetosha. "Mume wangu, umenisamehe?"

Gumba halikupanda wala halikushuka. Mnadi alikunjua mkono wote wa kushoto, akaulaza hewani, kiganja chini, akauyumbisha taratibu, huku kidogo na huku kidogo.

Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kioo. Miezi hii nilimfundisha majibu mawili tu. Hili hakufundishwa na mtu. Amelitafuta mwenyewe, huko ndani kulikofungwa, akalitoa.

"Ndiyo nini hiyo?" mke akauliza.

"Mimi sikumfundisha hiyo, mama. Muulize mwenyewe."

Akautazama ule mkono muda mrefu. Mkono ukaendelea kuyumba, ukimngoja.

"Bado?" akasema. "Unaniambia bado?"

Gumba likapanda.

"Haya," akamwambia, akavuta kiti chake karibu zaidi. "Mimi nipo."